Chai ya Moshi katika Chumba cha Amerika

Profesa Andris alikaa kwangu Isiolo siku tatu bila kusema amekuja kwa nini. Alikuwa ameniandikia barua pepe ya mstari mmoja tu, kwamba atafika Alhamisi, na Alhamisi hiyo akateremka kwenye gari la kukodi mbele ya lango langu, mzee wa miaka themanini na kitu, mrefu vile vile, kofia ya kitani kichwani na begi moja begani ambalo hakutaka mtu amshikie. Nilimsalimu kwa mtindo wa Kiborana niliomfundisha zamani, maswali yakifuatana bila kupumua. Nyumbani amani? Njiani amani? Mvua amani? Ruta, mkutubi wetu, amani? Kwa kila swali alijibu "Nagaya," yaani amani, na alilitamka vizuri kuliko maafisa wengi waliohamishiwa mji huu. Nilifurahi kupita kiasi. Nikampa chumba cha wageni, chenye dirisha la upande wa mlimani, nikaanza kupanga nitakavyomtembeza. Ijumaa nilimpeleka sokoni akaone miraa ikifunguliwa kwenye majani ya mgomba. Jumamosi tulienda hadi Gotu, akasimama kwenye ukingo wa mto kwa muda mrefu. Alikula kila alichopewa na kumshukuru kila mtu. Lakini nilikuwa najua kwamba mtu wa umri ule hapandi ndege mbili ili aje kutazama miraa, na kufikia Jumamosi jioni nilikuwa nimeanza kukereka. Mimi si mtu wa subira. Zamani nilikuwa nayo, na mwaka ninaotaka kuueleza hapa ndio ulioniondolea.

Ni mwaka niliokaa Latvia, nchi ndogo kando ya Bahari ya Baltiki, nikiwa na miaka ishirini na mitano na kichwa kigumu. Nilikuwa nataka kwenda kusoma Amerika. Nafasi ya Amerika sikuipata. Niliyoipata ilikuwa ya kusoma habari za Amerika mahali pengine kabisa, katika kituo cha masomo ya Amerika ya Kaskazini cha chuo kikuu kimoja cha huko. Tangazo lilikuwa limebandikwa kwenye ukuta wa idara yetu Nairobi, na nadhani nilichaguliwa kwa sababu wengine hawakujua nchi yenyewe iko wapi. Mimi pia sikujua. Kuwaeleza watu wa Isiolo kulinishinda. Mama mmoja Mmeru aliyekuwa akiuza miraa karibu na stendi alinishika mkono tukiwa tunaagana.

"Sasa unaenda America?"

"Hapana, mama. Naenda Latvia."

"Kusoma nini?"

"America."

Alinitazama kwa huruma. "Kwani Waamerika walihama?"

Nilicheka njia nzima hadi nyumbani, lakini baada ya kufika niliona swali lake halikuwa la kijinga hata kidogo. Waliohama walikuwa Walatvia wenyewe. Wakati wa vita kuu vya pili, watu wengi walikuwa wamekimbilia ng'ambo, wakaishia Kanada na Marekani, na waliobaki nyumbani hawakuruhusiwa kuwafuata wala kuwaandikia kwa uhuru kwa miaka mingi. Kituo chetu kilikuwa vyumba viwili chini ya paa, ghorofa ya tatu, na vitabu vyake karibu vyote vilitoka kwa wale wakimbizi. Mtu akifa Toronto, watoto wake walifunga vitabu kwenye maboksi na kuvirudisha kwao. Ukifungua historia ya reli za Kanada unakuta jina la mwenyewe kwa wino wa buluu, na katikati ya kurasa namna ya kupika mkate mweusi, iliyoandikwa haraka haraka kwa penseli. Ukutani kulikuwa na ramani kubwa ya Amerika ya Kaskazini iliyochomwa pini kila mahali. Mwanzoni nilidhani pini zinaonyesha migodi au vita. Kumbe kila pini ilikuwa ndugu wa mtu. Pini ya Minnesota ilikuwa ya kaka yake Profesa, aliyechukuliwa na shangazi yao wakati Profesa bado ananyonya, na kila alipopita hapo Profesa aliigusa kwa kidole bila kujua kwamba anaigusa. Kwa hiyo wao hawakuisoma Amerika kama wengine wanavyoisoma, kwa wivu au kwa hasira. Waliisoma kama unavyouliza habari za nyumba ambako dada yako ameolewa.

Ruta ndiye aliyekuwa roho ya vyumba vile. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka arobaini hivi, miwani imefungwa uzi shingoni, na kwenye meza yake ya kazi palikuwa na jiko dogo la umeme ambalo sheria za jengo zilikataza. Saa sita alifunika kadi za vitabu kwa gazeti, tukala. Supu ya viazisukari vyekundu, mkate mweusi mgumu wenye uchachu, viazi na majani ya bizari, dengu kubwa za kijivu ambazo wao hutia nyama ya nguruwe. Siku ya pili baada ya kunijua alinijia na kisufuria cha peke yake, mpini wake umefungwa uzi mwekundu. "Hiki hakijaguswa na nguruwe," alisema, "na anayekigusa namfukuza." Kisufuria kile kilikuwa changu mwaka mzima. Siku nyingine alinimiminia glasi ya maziwa yaliyoganda. Nikaonja, nikalia pale pale, kwa sababu yalikuwa ititu, maziwa lala ya kwetu, ila yamekosa moshi. Nilimweleza kwamba nyumbani chombo cha maziwa hufukizwa kwanza kwa makaa ya mti mzuri, ndiyo maana maziwa yetu, na chai inayopikwa nayo, huwa na ladha ya moshi. Ruta alisikiliza, akaandika kitu kwenye kadi, akarudi kwa vitabu vyake.

Sasa kulikuwa na fomu. Kila mwanafunzi mgeni alitakiwa kukubaliana na msimamizi wake juu ya mada ya tasnifu, na msimamizi atie sahihi kabla ya Ijumaa ya mwisho ya Oktoba. Bila sahihi ile usajili unafutwa, ufadhili unakatika, na unarudi kwenu. Msimamizi wangu alikuwa Profesa Andris, na saa yake ya kuniona ilikuwa kila Jumatano, saa nane mchana. Mada nilikuwa nayo tangu Nairobi. Nilitaka kuandika kuhusu wafuga ng'ombe wa nyanda kavu za magharibi ya Marekani na namna walivyogombania maji, nani anyweshe kwanza na nani afukuzwe. Nilijua nitakachotafuta, maana nimekua nikisikia maneno hayo hayo. Ukame ukikaza kule Kipsing, kwenye malisho yetu, hakuna mazungumzo mengine. Jumatano ya kwanza nilivaa vizuri, nikabisha mlango, nikasalimu. Profesa akasimama, akanionyesha kiti, akakaa. Nikangoja.

Kwetu mgeni hajitangazi. Ukiingia nyumbani kwa mtu unaulizwa amani ya kila kitu, unajibu amani hata kama nyumba yako imeungua jana, unapewa chai, unakunywa, na hapo ndipo mwenyeji anakuuliza: una neno gani? Mgeni anayeanza kusema haja yake kabla ya kuulizwa ni mtu asiyelelewa. Nilimtazama Profesa, Profesa akatazama dirisha. Nikatazama ramani. Bomba la joto likagonga gonga. Chai haikuja. Baada ya nusu saa alisimama, akaniinamia kidogo, akasema, "Asante. Mpaka Jumatano." Nikatoka nikiwa nimechanganyikiwa. Jumatano ya pili, hivyo hivyo. Ya tatu, theluji nyepesi ilianguka, nami nikaiona kwa mara ya kwanza maishani, na hata hiyo hatukuizungumzia. Nilirudi bwenini nikatupa begi kitandani. Nilimchukia mzee yule. Nilijiambia amenidharau, kwamba hata majani ya chai ananinyima, kwamba kwake mimi ni kitu kilichokosewa anwani. Na tarehe ilikuwa inakuja. Usiku nilijiona nikishuka Isiolo mwezi wa Novemba, na yule mama wa miraa akiniuliza kama Amerika imefungwa.

Jumatano ya nne ndiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya Ijumaa yenyewe. Asubuhi nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya rafu, nikitafuta kitabu cha sheria za maji, wakati Profesa alipoingia na mhadhiri Mkanada aliyekuwa pale kwa muhula mmoja. Mkanada yule alikuwa na sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya bonde, na kwa sababu yake walizungumza Kiingereza.

"Fomu ya yule binti wa Kenya iko wapi? Ofisi inauliza kila siku."

"Bado," Profesa alisema.

"Bado? Ijumaa wanamfuta! Ana mada au hana?"

"Anayo. Inaonekana usoni. Lakini anaifikiria. Nimefundisha miaka thelathini. Wote huingia wakibwabwaja, dakika ya kwanza tu, ili nisione kwamba hawajasoma. Huyu amekaa nami Jumatano tatu bila kupoteza neno. Sijawahi kupata mwanafunzi wa namna ile. Sitamharakisha."

"Hata wakimfukuza?"

"Nitaenda kubishana nao mimi mwenyewe. Lakini sitamharakisha."

Nilibaki nimechuchumaa hadi miguu ikafa ganzi. Aibu iliniwaka masikioni, halafu ikaja furaha, halafu kicheko nilichokizuia kwa kiganja. Mwezi mzima nilikuwa nimekaa namlaani mtu aliyekuwa amekaa ananistahi. Kwao anayekuja na shida ndiye anayefungua mdomo, na mzee mwenye adabu hamsukumi. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayefungua. Tungeweza kukaa vile, kwa heshima kubwa, mpaka nikarudishwa Kenya.

Nilimkimbilia Ruta nikamweleza. Alicheka mpaka miwani ikaanguka kifuani. "Ngoja niende nimwambie sasa hivi," alisema. Nikamshika kiwiko. Ukimwambia ataona haya, nilimjibu, na mtu aliyenitetea hivyo sitaki aone haya. Wala mimi sikuwa tayari kuingia na kubwabwaja kama wale wengine, si baada ya sifa zile. Tukakaa tukifikiri, na Ruta ndiye aliyegonga meza. "Kwenu mwenyeji ndiye anayeuliza," alisema. "Basi kuwa mwenyeji." Akalivuta lile jiko lake lililokatazwa. Nilikuwa na majani ya chai, iliki na tangawizi kavu kutoka soko la Isiolo, vimefungwa kwenye leso chini ya sanduku langu. Nikaenda mbio bwenini kuvileta. Tukachemsha maziwa na majani pamoja, Ruta akinung'unika kwamba tunaua chai, kwa sababu yeye alizoea kunywa maua ya miti kwenye maji matupu.

Saa nane niliingia ofisini kwa Profesa nikiwa na birika na vikombe viwili. Sikungoja kuonyeshwa kiti. Nilisogeza karatasi zake, nikammiminia, nikakaa upande wangu kama mwenye boma. "Nyumbani amani?" nikamuuliza. Alishtuka. Alitazama kikombe, akanitazama. "Amani," alisema polepole. Njiani amani? Amani. Mifugo amani? Hapo aliwaza kidogo. "Nina paka mmoja," alisema. "Amani." Akanywa. Akanywa tena. Nilimwacha amalize, nikamwongeza, ndipo nikamuuliza kwa sauti ya baba zangu: "Haya, mgeni wangu. Una neno gani?"

Profesa aliweka kikombe chini. Nikaona uso wake ukifunguka, akielewa, akirudi nyuma Jumatano moja baada ya nyingine. Masikio yake yalikuwa mekundu. "Nina neno," alijibu kwa uzito wote. "Nimelibeba mwezi mzima. Naomba kujua mada yako ni nini."

Nilizungumza saa mbili bila kusimama, na fomu ilitiwa sahihi kukiwa bado na mwanga dirishani.

Mwaka uliobaki ulikuwa mzuri, na sitaki kuupamba zaidi ya hapo. Nilisoma, nilipata mafua mara tatu, nilijifunza kutembea kwenye barafu kama bata. Jumatano ikawa siku ya chai. Wanafunzi wengine walianza kupanda ghorofa kwa harufu ya iliki, wakakaa chini ya ramani, Ruta akawamiminia na kuwauliza mmoja mmoja, kwa Kiborana kibovu cha kupendeza, nyumbani amani, mifugo amani, una neno gani? Watu walisema mambo pale ambayo hawakuwa wameyasema popote. Mvulana mmoja alisema neno lake ni kwamba anataka kuacha masomo akaoke mikate, tukampigia makofi. Majira ya kuchipua, theluji ikiyeyuka, Ruta alikuja na chombo cha mbao chenye kifuniko, kama kile ambacho bibi zao walitilia maziwa. Kaka yake alikuwa akikausha samaki kwa moshi shambani, na Ruta alikuwa amekitia makaa ya mti ule ule, akakitikisa, kama nilivyomweleza Septemba. Akamimina maziwa humo, akapika chai. Nikaonja. Ilikuwa chai ya nyumbani, na kwa mara ya kwanza nilijua nitakapoondoka pale nitaumia. Aliniahidi Jumatano haitakufa. Kila mwaka mpya alinitumia kadi yenye sentensi moja: chai ipo.

Baada ya hapo nimeishi mbio kama watu wote. Nafundisha, nasahihisha, simu inalia, mtu akiingia ofisini kwangu namwambia sema haraka nina mkutano. Nilijifunza kule kwamba mwenye haja ndiye anayesema, na somo hilo nimelishika barabara. Ndiyo maana Jumapili asubuhi nilikuwa jikoni nikisukuma sufuria kwa kelele, wakati Shangazi Darmi, ambaye nyumba yake iko nyuma ya yangu, alipoingia akaketi kwenye kigoda.

"Talaso, hiyo mzee yako iko na neno."

"Neno gani?"

"Mimi nitajua aje? Wewe ulimuuliza?"

"Shangazi, wazungu wanasemanga wenyewe. Akitaka kusema atasema."

Alisonya. "Angalia vile amekaa huko nje. Mikono kwa magoti. Begi hapo kando. Huyo si mzungu, huyo ni mgeni anangoja kuulizwa."

Nilichungulia dirishani. Profesa alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki kivulini, wima, kofia mapajani, bila kitabu wala simu, mtulivu kabisa. Mimi nilikuwa namngoja kwa desturi yake, naye siku tatu nzima alikuwa ananingoja kwa yangu.

Nilipika chai upya, nikaipeleka nje, nikamwita Shangazi akae nasi. Nikamuuliza amani zote, taratibu, nikamwacha anywe. Kisha nikasema, "Profesa, una neno gani?"

"Nina mawili," alisema. "Nilianza kuogopa hutaniuliza." Akaiweka kofia kando. "Ruta alifariki Novemba. Aliugua wiki mbili tu, hakuteseka. Sikutaka kukuandikia. Wewe ulinifundisha kwamba neno kama hilo halirushwi tu mlangoni."

Alhamisi nilikuwa nimemuuliza Profesa kama Ruta ni amani, naye akanijibu nagaya, kama nilivyomfundisha. Na kadi ya mwaka mpya haikuja, nami, kwa mbio zangu, sikugundua kwamba haikuja. Hilo ndilo lililoniuma kuliko yote, na bado linaniuma. Nililia, Shangazi akanishika mgongo, Profesa akanywa chai yake polepole na kunipa nafasi.

Neno la pili lilikuwa ndani ya begi. Alilifungua, akafunua sweta mbili, akatoa kile chombo cha mbao. Karibu nisikitambue. Kilikuwa cheupe ndani na nje, safi kama kijiko cha hospitali.

"Jumatano inataka kufa," alisema. "Mkutubi mpya ni msichana mzuri, anafuata kila kitu. Majani yale yale, iliki ile ile. Lakini wanafunzi wanaonja, wanaacha vikombe nusu, wanashuka. Chai si ile. Ruta hakuandika mahali, nami miaka yote nilikuwa nakunywa tu, kama mtoto. Nimekuja kuuliza hutiwa nini."

"Hiki chombo umekifanya nini?"

Akainamisha kichwa. "Baada ya mazishi nilikikuta kabatini kwake. Kilikuwa cheusi ndani, cheusi kabisa. Niliona aibu, kwamba tulimwachia kazi zote hadi akakosa hata wakati wa kuosha vyombo. Nikakiosha. Kwa sabuni na maji ya moto, kwa brashi, siku mbili, mpaka kikang'aa. Nilitaka kumheshimu."

Nilimweleza Shangazi kwa Kiborana. Alijifunika mdomo kwa mtandio, na mabega yake yakaanza kutikisika, nami nikacheka huku machozi hayajakauka, na Profesa akatutazama mmoja baada ya mwingine kwa wasiwasi.

"Moshi, Profesa," nilimwambia. "Ulikuwa moshi wa Ruta wa miaka ishirini na zaidi. Umeuosha wote."

Shangazi alishaondoka. Alirudi na makaa ya mzeituni mwitu kwenye koleo, yakiwa mekundu, akayatumbukiza ndani ya chombo, akafunika, akatikisa, akamwaga, akarudia. Mara ya tatu alimpa Profesa ashike mwenyewe, moshi ukitoka kwenye ukingo wa kifuniko. Nilimwonyesha namna ya kusugua makaa kwa ndani mpaka mbao ianze kuwa nyeusi. Alifanya kwa makini, ulimi kwenye pembe ya mdomo. Kisha akafunua, akaingiza pua kwenye chombo, akafumba macho.

"Ruta," alisema.

Shangazi alinigusa goti.

"Mwambie asioshe tena."